Mwandishi Aliyesimama Upande wa Esau

Mwaka 1530, wakati wakuu wa Ujerumani walipokutana Augsburg na Ungamo la imani yetu likasomwa mbele ya Kaisari, Martin Luther hakuwapo. Alikuwa ametangazwa kuwa mhalifu na Kaisari, hivyo alibaki katika ngome ya Coburg akisubiri habari kwa barua. Miezi ile aliandika mambo mengi mazito, na katikati yake akaanza kazi moja ambayo washarika wengi hatujapata kuisikia: alizitunga upya kwa Kijerumani chepesi hekaya za Aesop, zile za mbwa mwitu na mwana-kondoo, jogoo na lulu, ili zisomwe majumbani na watoto na watumishi. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ametoa Katekisimo Ndogo. Basi Mlutheri hana sababu ya kusema kwamba hadithi za watoto ni jambo dogo lisilomhusu mchungaji.

Swali letu ni hili: hadithi ya namna gani? Sisi tumelelewa na methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, na kila hadithi tumeifanya kuwa mkono wa kukunjia. Katika vitabu vingi tunavyowapa watoto wa Shule ya Jumapili, mtoto mtiifu hupata zawadi ukurasa wa mwisho, na mtoto mkaidi huvunjika mguu. Hatusemi kwamba utii ni jambo baya. Lakini mtoto anayesoma vitabu hivyo ana macho. Amemwona jirani mtiifu akifa kwa malaria, na mkaidi akichaguliwa kwenda sekondari. Akishagundua kwamba kitabu cha kanisa hakisemi anachokiona, atafanyaje siku tutakapomwambia kwamba Yesu amefufuka?

Ili kulijibu swali hili tumeona vema kumchunguza mwandishi mmoja Mkristo wa Marekani, Katherine Paterson. Yeye ni Mpresbiteri, mjane wa mchungaji, na vitabu vyake vya watoto vimepata tuzo kubwa kuliko vya waandishi wengi wa zama zake: Newbery mara mbili, mwaka 1978 na 1981, na tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen mwaka 1998. Baadhi yetu tumeiona filamu ya Bridge to Terabithia ya mwaka 2007 bila kujua kwamba nyuma yake kuna kitabu, na nyuma ya kitabu kuna mama aliyekuwa akililia mtoto wa watu.

Paterson alizaliwa China mwaka 1932, binti wa wamisionari. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kichina. Vita vya Japani na China viliifanya familia yake iikimbie nchi ile mara mbili, na kabla hajafikia utu uzima alikuwa amehama nyumba zaidi ya mara kumi. Alipoingizwa shule huko North Carolina alikuwa mtoto mgeni, mwenye nguo za msaada na matamshi yasiyofanana na ya wenzake. Siku moja ya Valentine, watoto walipopeana kadi darasani, yeye hakupata hata moja. Miaka mingi baadaye mama yake alimuuliza kwa nini hajaandika hadithi kuhusu siku ile. Alimjibu kwamba hadithi zake zote zinahusu siku ile.

Jibu hilo ni ufunguo wa kazi yake yote. Mtu anaweza kuachwa nje akajifunza chuki, au akajifunza kuwaona wengine walio nje. Kilichomsaidia Paterson kwenda njia ya pili, pamoja na imani ya nyumbani, kilikuwa vitabu. Mama yake aliwasomea watoto wake kwa sauti, na katika shule ile ile alikokosa kadi kulikuwa na maktaba ambayo ikawa kimbilio lake. Mtoto asiye na rafiki darasani alipata marafiki kwenye rafu.

Wito wake wa kuandika haukuja kwa ndoto wala kwa sauti. Alisomea elimu ya Kikristo Richmond, na mwalimu wake mmoja akamwambia kwamba huenda Mungu anamwita awe mwandishi. Alikataa, akisema dunia haihitaji kuongezewa mwandishi mwingine wa wastani. Mwalimu akamwonyesha kwamba asiyethubutu kuwa wa wastani hataandika chochote. Mwaka 1957 alikwenda Japani kuwa mmisionari. Tulitafakari jambo hili: mtoto aliyekimbizwa na mabomu ya Wajapani anakwenda kuwahudumia Wajapani. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa na hofu na uchungu juu yao, na kwamba rafiki yake, mchungaji mwanamke Mjapani, ndiye aliyemsihi aende. Alikaa miaka minne, akawapenda. Riwaya zake tatu za kwanza, zilizotoka kati ya 1973 na 1975, zote ni za Japani ya kale. Amri ya kumpenda adui aliitii kwanza kwa miguu, ndipo akaitii kwa kalamu.

Tukumbuke pia kwamba kitabu chake cha kwanza hakikuwa riwaya. Kilikuwa kitabu cha mafundisho kwa watoto wa kanisa, kilichotoka mwaka 1966. Baada yake aliandika kwa miaka kadhaa huku akilea watoto wanne, wawili wa kuzaa na wawili wa kuasili, na kazi nyingi zikarudishwa na wachapaji. Mshirika mmoja wa kanisa lao ndiye aliyemvuta waende pamoja darasa la jioni la uandishi. Wako washarika wanaodhani kwamba karama hushuka ikiwa imekamilika. Habari za Paterson zinatufundisha kwamba karama hulelewa, tena mara nyingi na kanisa lenyewe: mwalimu anayetamka neno, mwenzi wa usharika anayesema twende.

Sasa tuviangalie vitabu vyenyewe. Mwaka 1974 Paterson alifanyiwa upasuaji wa saratani. Mwaka huo huo, mwezi wa nane, rafiki mkubwa wa mwanawe David, msichana wa miaka 8, aliuawa na radi akiwa ufukweni. Mtoto wa kiume alishindwa kuelewa, na mama alishindwa kumweleza. Bridge to Terabithia, kilichotoka mwaka 1977, ni jitihada ya mama huyo. Alipofika mahali ambapo msichana wa hadithi anapaswa kufa, kalamu iligoma. Alisafisha nyumba na kufanya kila kazi isipokuwa ile. Rafiki yake akamwambia kwamba pengine anachokiogopa si kifo cha yule msichana bali kifo chake mwenyewe. Alirudi mezani akaandika.

Hadithi ni ya Jess, mvulana wa familia maskini ya shamba huko Virginia, na Leslie, msichana aliyehamia jirani. Wazazi wa Leslie ni wasomi wasiokwenda kanisani. Wawili hawa wanajitungia ufalme msituni, ng'ambo ya kijito, wanaufikia kwa kamba iliyofungwa mtini, na wanauita Terabithia. Leslie anamwazima Jess vitabu vya C. S. Lewis vya Narnia ili ajifunze jinsi mfalme anavyotenda. Paterson amekiri kwamba jina Terabithia alidhani amelibuni, kumbe lilikuwa limebaki akilini mwake tangu aliposoma kisiwa kinachofanana nalo katika kitabu cha Lewis, ambaye naye huenda alilitoa kwenye jina la mti mmoja wa Agano la Kale. Ndivyo kusoma kunavyozaa kuandika.

Leslie anakwenda ibada ya Pasaka pamoja na familia ya Jess. Hajawahi kuisikia habari ya mateso ya Kristo. Anaiona ni habari nzuri ajabu. Jess na mdogo wake May Belle, waliozaliwa ndani ya kanisa, wanaiona ya kutisha na ya kuchosha. Wanaiamini kwa kuwa ni lazima. Mwandishi hatoi maelezo. Anatuachia sisi wana wa nyumba aibu ya kugundua kwamba mgeni ameliona ua tulilokuwa tukilikanyaga. May Belle ana wasiwasi mmoja tu: Leslie akifa bila kuamini Biblia, si atatupwa motoni?

Kisha Leslie anakufa. Kamba inakatika siku ambayo Jess amekwenda mjini na mwalimu wao wa muziki. Swali la May Belle linarudi, safari hii kinywani mwa Jess, naye analiuliza kwa baba yake, mtu mchovu asiye na maneno mengi. Baba anajibu kwa sentensi moja fupi kwamba Mungu hawapeleki wasichana wadogo jehanamu.

Wachungaji tunalifahamu swali hilo. Huja usiku wa matanga, wakati mtoto aliyekufa hakuwa amebatizwa, na bibi wa marehemu anatuvuta kando. Hatuwezi kulijibu kwa sentensi ya yule baba kana kwamba ni kifungu cha Ungamo. Tunachoweza kufanya ni kumkabidhi mtoto kwa rehema za Mungu aliyejifunua katika Yesu, yule aliyewachukua watoto mikononi mwake, wala hakuuliza kwanza. Baba yake Jess hakutoa fundisho la imani. Alimpa mwanawe anayetetemeka ukweli aliokuwa nao kuhusu Mungu, akamshika. Paterson ameandika hapo kwa usahihi mkubwa: amemweka mtu asiye na elimu ya dini kutamka neno ambalo wenye elimu ya dini walilisahau.

Kitabu hiki kimepingwa sana. Katika miaka ya 1990 kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa mara nyingi katika shule na maktaba za Marekani, na walalamikaji wengine walikuwa Wakristo. Walisema Jess hulitaja jina la Bwana ovyo, kwamba kuna dalili za uchawi, na kwamba kifo si habari ya watoto. Lalamiko la kwanza hatulipuuzi, kwa maana linagusa Amri ya Pili kama tunavyoihesabu katika Katekisimo. Lakini tuisome amri hiyo pamoja na maelezo ya Luther. Anahesabu pale si kuapa na kulaani tu, bali pia kusema uongo kwa kulitumia jina la Mungu. Basi mvulana wa shamba anayeropoka jina la Bwana ana kosa la mdomo. Na mwandishi anayemwambia mtoto aliyefiwa kwamba Mungu alikuwa anahitaji ua bustanini mwake, je? Huyo amesema kwa jina la Mungu jambo ambalo Mungu hakulisema. Amri ya Pili inamhusu yeye kwanza.

Ni Luther huyo huyo aliyefundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba kuna teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba, na kwamba ya msalaba ndiyo inayoviita vitu kwa majina yake halisi. Paterson si Mlutheri, lakini hapa yuko karibu nasi kuliko wengi wetu tulivyo karibu na Luther. Mwalimu mkali wa Jess, Bi Myers, anamfuata mvulana baada ya msiba na kumweleza kwamba mumewe alipofariki watu walimwambia asilie, ajaribu kusahau, naye hakutaka kusahau. Tunawasihi walimu wa Shule ya Jumapili waisome sehemu hiyo mara mbili. Kwetu neno la kwanza analolisikia mtoto msibani ni "usilie".

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Leslie anaonekana kwa macho ya Jess peke yake, na Jess anampenda mno. Hana kasoro inayokumbukwa. Kwa hiyo kuna wakati msomaji huhisi kwamba ameletwa duniani ili amkomaze mvulana kisha aondoke. Mtoto wa kweli hafi kwa faida ya mtu mwingine.

Kosa hilo halipo katika The Great Gilly Hopkins cha mwaka 1978. Gilly, msichana wa miaka 11 aliyelelewa nyumba baada ya nyumba kwa utaratibu wa serikali, ana kasoro tele: anatukana, anawadharau Weusi, anaiba fedha za mzee kipofu, Bwana Randolph. Paterson amesimulia chanzo chake. Yeye na mumewe waliwahi kuwapokea kwa muda wavulana wawili wa Kambodia, na kila shida ilipotokea alijituliza kwa kuwaza kwamba hawatakaa milele. Akashtuka: ina maana gani kwa mtoto kuishi katika nyumba ambayo kila mtu anawaza hivyo? Hadithi hii tunaiona kama mfano wa Mwana Mpotevu uliogeuzwa. Gilly anamtafuta mama aliyemzaa, anaandika barua ya uongo kumhusu mlezi wake Trotter ili aondolewe, na ombi lake linapojibiwa anagundua kwamba nyumba ya baba ilikuwa ile aliyoitoroka. Mama mzazi anakuja kwa sababu bibi amemlipia nauli. Trotter anampenda, lakini hamrudishi. Anamwelekeza akakae na bibi aliyefiwa, anayemhitaji. Watoto wangapi katika sharika zetu wanalelewa na shangazi, na mjomba, na mtu baki, huku wakihesabiwa kuwa wageni wasiokoma kula? Paulo anatuambia katika Warumi 8 kwamba sote ni watoto wa kufanywa wana. Katika nyumba ya Mungu hayupo wa kuzaliwa ila Mmoja.

Kitabu chake kizito kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni Jacob Have I Loved cha mwaka 1980. Jina limetoka Malaki 1 na Warumi 9, pale inaposemwa kwamba Yakobo alipendwa na Esau akachukiwa. Louise na Caroline ni mapacha wa kisiwa cha wavuvi huko Chesapeake. Louise alizaliwa kwanza akiwa mzima; Caroline alifuata akiwa hoi. Watu wote wakamkimbilia Caroline, na Louise akavishwa, akawekwa kapuni, akasahauliwa. Miaka inapita, Caroline ana sauti nzuri ya kuimba na kisiwa kizima kinamtukuza. Siku moja bibi yao, mkali na mwenye Biblia, anamnong'oneza Louise andiko lile. Louise anakwenda kulitafuta ili ajue nani aliyesema maneno makali namna hiyo. Anakuta msemaji ni Mungu. Anaacha kusali.

Tuutazame ujasiri wa mwandishi. Yeye ni mtoto wa mapokeo ya Calvin, yaliyolisisitiza sana fundisho la uteule, na anathubutu kuliuliza fundisho hilo akiwa upande wa Esau. Wala hamtoroki Paulo. Luther, katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi, anaonya kwamba mtu afuate mpangilio wa waraka: kwanza dhambi na neema, kisha msalaba na mateso ya sura ya 8, ndipo sura ya 9 itamfariji. Bibi wa kisiwani alianzia sura ya 9, akaishia hapo hapo. Hakufika sura ya 11, ambamo kusudi la Mungu ni kuwarehemu wote. Wala hakukumbuka Mwanzo 33, Esau anapomkimbilia ndugu yake na kumkumbatia. Andiko la kweli likichomolewa mahali pake huwa kisu.

Kinachomponya Louise si hoja. Ni mama yake, ambaye siku moja anamwambia kwamba yeye Louise akiondoka atamkosa kuliko alivyomkosa Caroline. Neno hilo moja alilisubiri maisha yake yote, na kwa hilo anapata uwezo wa kuondoka. Anakuwa mkunga katika bonde la milimani. Usiku mmoja anazalisha mapacha, na wa pili anazaliwa dhaifu. Louise anamhangaikia kwa nguvu zote. Ghafla anakumbuka: yuko wapi yule wa kwanza? Yumo kapuni. Anawaagiza wampakate, wampakate kadiri wawezavyo.

Wahakiki wengine wameona mwisho huu umekimbizwa, nasi tunakubali: miaka mingi imebanwa katika kurasa chache. Lakini hatujui mahubiri yanayoifafanua Warumi 9 vizuri kuliko ukurasa ule. Louise hapati jibu kwa nini Caroline alipendwa. Anapewa mtoto wa kupakata, na katika kumpakata Esau wa watu wengine anaelewa kwamba naye alikuwa amepakatwa.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya hadithi inayokunja samaki na hadithi inayohubiri Injili. Ya kwanza humwambia mtoto awe nani ili apendwe. Ya pili humwonyesha kwamba amependwa akiwa bado kapuni. Paterson hakuandika mahubiri, na katika vitabu hivi vitatu hakuna mtu anayeongoka kwenye ukurasa wa mwisho. Imani yake imo kwenye mifupa ya hadithi, haijapakwa juu ya ngozi.

Sharika zetu zina watu wanaoweza kuandika hivyo kwa Kiswahili: walimu, wauguzi, akina mama wa vikundi, vijana waliotoka kipaimara wakiwa na daftari zilizojaa. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwaambia twende, na mchapaji wa kanisa asiyedai kila hadithi iishe kwa zawadi. Tunapopanga vitabu vya Shule ya Jumapili mwaka ujao, kamati na ijiulize juu ya kila kitabu: je, mtoto aliyefiwa, aliyefeli, anayelelewa kwa watu, atajikuta humu? Kwa maana kila Jumapili tunawashangilia akina Caroline wanaoimba mbele. Na yule wa kwanza, aliye mzima, asiyesumbua mtu, bado yumo kapuni.